Waya umechomekwa, intaneti haiji: mwongozo kamili kabla hujapiga Windows upya

Hapa Mbeya nimeshapokea maboksi ya kompyuta yaliyopakatwa kwenye bajaji kutoka Uyole, Iyunga na hata Mbalizi, yote na malalamiko yaleyale: "Waya nimechomeka, simu inapata, kompyuta haipati." Mengi yalikuwa yameshapigwa Windows upya na mtu wa karibu, mafaili yamepotea, na tatizo liko palepale. Liko palepale kwa sababu lilikuwa kwenye waya.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Kila moja inakuonyesha ugonjwa uko upande gani: nje ya nyumba, kwenye rauta, kwenye waya, au ndani ya kompyuta. Ukiruka hatua unabahatisha. Maelezo ya kompyuta ni ya Windows 10 na 11, lakini hatua nne za mwanzo hazijali unatumia nini.

## Viandae kwanza

- Waya wa pili wa mtandao ambao una hakika ni mzima. Ule mfupi uliokuja ndani ya boksi la rauta unatosha, usiutupe.
- Simu yenye bando, pamoja na waya wake wa USB.
- Laptop yenye tundu la waya wa mtandao, hata ya kuazima kwa jirani kwa nusu saa.
- Tochi na mswaki mkavu uliozeeka.
- Kalamu na karatasi. Utaandika namba mbili tatu, na usizitegemee kichwani.
- Kama waya wako ni mrefu na umepita ukutani: vichwa vipya vya waya, koleo lake la kubania, na kipima waya. Kama huna, azima kwa fundi wa kamera za ulinzi.

## Hatua ya 1: Je, rauta yenyewe ina intaneti?

Chukua simu, zima data, washa Wi-Fi, ungana na rauta ya nyumbani, kisha fungua ukurasa ambao hujaufungua leo.

Kuzima data ndiyo siri ya hatua hii. Simu ikiona Wi-Fi haina intaneti hurudi kimyakimya kwenye bando, nawe ukaapa kwamba rauta ni nzima. Ukurasa mpya nao una sababu yake: kurasa za zamani simu huwa imeshazihifadhi, inaweza kukuonyesha picha ya jana.

Ikigoma hapa, kompyuta haina kosa. Kama unatumia rauta ya laini, angalia bando. Kama unatumia faiba, tazama kile kiboksi cha ukutani: taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki nyumbani kwako. Kagua kama ule uzi mwembamba umekunjwa au umekanyagwa na mguu wa kabati. Ndani yake ni kioo, ukivunjika haufungwi kwa selotepu. Na usichungulie ncha yake kwa jicho. Mwanga wake hauonekani lakini unaweza kukuumiza. Uzi ukiwa sawa na taa bado nyekundu, mpigie mtoa huduma, mwongozo huu uishie hapo.

Umefaulu ukiona: simu inafungua ukurasa mpya data ikiwa imezimwa.

## Hatua ya 2: Soma taa za tundu

Zungusha boksi la kompyuta, mulika tochi kwenye tundu la waya. Kompyuta nyingi za mezani zina taa mbili ndogo hapo, na kwenye rauta kuna nyingine upande wa pili wa waya. Moja ikiwaka, ncha mbili zinaonana. Ikichezacheza, data inapita. (Baadhi ya laptop hazina taa kabisa, kwa hizo tazama upande wa rauta.)

Taa zimezima? Chomoa kichwa, ondoa vumbi kwa mswaki, chomeka tena. Lazima usikie "ta". Sauti hiyo ni ya kile kiulimi cha plastiki kinachojifunga ndani. Kikivunjika, kichwa kinakaa kwa imani tu.

Mzee mmoja wa Isanga aliniita kwa jambo hilo. "Shikamoo baba." "Marahaba, kijana. Hii kompyuta ukiigusa kidogo tu, mtandao unakimbia." Nikainama nyuma ya meza. Kiulimi hakikuwepo, na mtu alikuwa amekunja kipande cha boksi la kiberiti akakipachika juu ya kichwa ili kibane. Kilibana kweli, kwa miezi kadhaa, hadi karatasi ikalainika. Dawa ilikuwa kukata kichwa na kufunga kingine, kazi ya dakika tano.

Angalia pia umechomeka tundu gani kwenye rauta. Lile lenye rangi tofauti, lililoandikwa WAN au Internet, ni la kuingiza intaneti kutoka nje. Kompyuta inachomekwa kwenye yale yaliyoandikwa LAN. Ukikosea, kwenye rauta nyingi taa itawaka vizuri tu na hutapata kitu. Kosa hili huja baada ya kufagia: vitu vimechomolewa, vikarudishwa kwa haraka.

Tahadhari: kompyuta nyingi za mezani huacha taa ya tundu inawaka hata zikiwa zimezimwa, mradi umeme upo kwenye soketi. Kwa hiyo taa inathibitisha waya, haithibitishi Windows.

Umefaulu ukiona: taa ya kudumu ncha zote mbili.

## Hatua ya 3: Badilisha kimoja kimoja

Taa bado haziwaki, au zinawaka na kuzima. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Hamisha waya kwenye tundu lingine la LAN. Zikiwaka, tundu la kwanza limekufa. Libandike selotepu ili mtu asilirudie.
2. Rudisha ulivyokuta, kisha weka ule waya mfupi wa akiba. Ikibidi beba kompyuta hadi ilipo rauta. Zikiwaka, waya wako ndio mgonjwa, nenda hatua ya 4.
3. Chomeka waya uleule kwenye laptop ya jirani. Ikipata, ugonjwa uko kwenye kompyuta yako, nenda hatua ya 5.

Usibadilishe viwili kwa pamoja. Ukibadili waya na tundu kwa mkupuo, mtandao ukirudi hutajua kipi kilikuwa kibovu, na kesho utakirudisha kilekile.

## Hatua ya 4: Mfuate waya, mita kwa mita

Hapa ndipo ninapokuta matatizo mengi, na ndipo watu wengi hawataki kupiga magoti.

Dada mmoja wa Forest aliniambia mtandao wake unakatika jioni tu. Asubuhi safi, mchana safi, ikifika saa moja usiku unapotea. Alikuwa ameshabadilisha rauta. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua. Nikakaa naye hadi jioni. Saa kumi na mbili na nusu akainuka, akavuta dirisha la chuma, akalisukuma kwa kiganja mpaka likaingia kabisa. Waya wake ulipita kwenye kona ya dirisha lile. Kila jioni ulibanwa, kila asubuhi ukaachiwa. Nilipoumenya, nyuzi mbili kati ya nane zilikuwa zimekatika ndani, ila ncha zake ziligusana dirisha likiwa wazi. Ganda la nje lilikuwa na mkwaruzo mdogo tu, usingeutilia maanani.

Kwa hiyo pitisha vidole kwenye waya wote. Tafuta kona za dirisha na mlango, mguu wa kitanda, misumari iliyopigwa kwa nguvu, na sehemu za darini ambako panya wanapita. Mahali palipokunjwa kama karatasi, hata kama hapajachanika, pashuku.

Tazama madini ya ndani. Ukikata waya, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona wekundu umekwisha na ndani ni rangi ya fedha, huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unauzwa rahisi na unavunjika rahisi. Kwa kompyuta iliyo mezani karibu na rauta utavumilika. Kwa kupitisha darini au kwenda nyumba ya uani, nunua wa shaba tupu.

Urefu. Kikomo cha waya huu ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ukitaka kuvuka hapo unaweka katikati swichi ya mtandao, kiboksi cha kuunganishia waya hizi.

Kufunga kichwa kipya. Menya ganda sentimita mbili au tatu bila kujeruhi nyuzi za ndani. Nyoosha nyuzi nane, zipange, zikate zilingane, zisukume hadi zigonge mwisho wa kichwa, kisha bana kwa koleo. Shika kichwa kiulimi kikiwa chini, waya ukielekea kwako. Kutoka kushoto:

1. nyeupe yenye chungwa
2. chungwa
3. nyeupe yenye kijani
4. bluu
5. nyeupe yenye bluu
6. kijani
7. nyeupe yenye kahawia
8. kahawia

Ncha zote mbili zipangwe hivi. Kosa la kila mtu ni kuweka kijani na nyeupe yake pamoja kwenye namba 3 na 4 kwa sababu "zinapendeza". Zimesokotwa jozi jozi ili zisiingiliane. Ukichanganya jozi, waya unaweza kupima sawa kwenye kipima cha bei ndogo halafu intaneti ikawa ya kubabaika. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa ili libanwe nalo.

Jambo moja la kujua: kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, chungwa na kijani. Kasi ya 1000 inataka zote nne. Ndiyo maana waya wenye uzi wa bluu uliokatika unaweza kuendelea kufanya kazi, ila polepole, na mwenyewe akailaumu kampuni ya intaneti mwaka mzima.

Umefaulu ukiona: kipima kinawasha namba 1 hadi 8 kwa mpangilio pande zote, na taa za tundu zinarudi.

## Hatua ya 5: Kompyuta inaiona kadi yake?

Anza na jambo dogo ambalo limeniokoa mara nyingi, hasa umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Zima kompyuta. Chomoa waya wa umeme ukutani kabisa. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 20, rudisha umeme, washa. Kadi ya mtandao (ile sehemu ya ndani yenye tundu la waya) ikiganda, kuwasha upya kwa kawaida hakuiamshi, kwa kuwa inaendelea kupata umeme kidogo muda wote.

Bado? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika

ncpa.cpl

ugonge Enter. Tafuta kipicha kilichoandikwa Ethernet.

- Kimefifia na kimeandikwa Disabled: bofya kulia, chagua Enable. Mtu alikizima.
- Kina alama nyekundu ya X: waya hauonekani, rudi hatua ya 2.
- Hakipo kabisa: rudia kitufe cha Windows na R, andika devmgmt.msc, fungua Network adapters.

Ukikuta kadi ina alama ya njano huko, draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, ndiyo tatizo. Swali linalofuata huwa: nitapakuaje draiva bila intaneti? Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kwenye simu kipengele cha kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta itatumia bando lako. Pakua kutoka tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, kwa modeli yake kamili. Zile programu zinazojitangaza kukutafutia draiva zote kwa mkupuo ziache. Zinakuletea mzigo mwingine.

Kadi isipoonekana hata huko, na juzi kulikuwa na radi, huenda imeungua. Huna haja ya kununua kompyuta nyingine. Kuna kigeuzi cha kuchomeka kwenye USB chenye tundu la waya, au kadi ya kupachika ndani ya boksi.

Umefaulu ukiona: kipicha cha Ethernet kina rangi kamili, bila X.

## Hatua ya 6: Kompyuta imepewa anwani?

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika cmd, Enter. Kwenye kidirisha cheusi andika:

ipconfig

Tafuta sehemu ya Ethernet, uandike karatasini namba ya IPv4 Address na ya Default Gateway. Ya kwanza ndiyo anwani ya kompyuta, namba ambayo kwa kawaida hupewa na rauta. Ya pili ndiyo anwani ya rauta yako.

- Inaanza na 192.168 au 10: kwa kawaida ni sawa. Nenda hatua ya 7, ila kama kompyuta ni ya mtumba soma kwanza hapa chini.
- Inaanza na 169.254: kompyuta iliomba anwani, ikakosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe. Zima rauta sekunde 30, iwashe, subiri dakika mbili tatu, kisha andika ipconfig /release na baada yake ipconfig /renew.
- Media disconnected: waya. Hatua ya 2.

Sasa kuna hili la kwetu. Kompyuta nyingi za mezani mitaani ni za mtumba, zimetoka ofisini, na ofisini mara nyingi zilipangiwa anwani ya kudumu. Ukiifikisha Soweto au Mwanjelwa hapa Mbeya bado inajiona iko ofisini: inatafuta rauta ambayo haipo. Taa zinawaka, kadi ipo, namba ipo, intaneti hakuna.

Utaijua kwa kulinganisha. Ungana na Wi-Fi kwa simu, tazama anwani uliyopewa. Kama simu ni 192.168.1.25 na kompyuta ni 10.20.4.17, hawakai mtaa mmoja. Rudi ncpa.cpl, bofya kulia Ethernet, Properties, bofya mara mbili mstari wa Internet Protocol Version 4, chagua Obtain an IP address automatically na ule wa chini yake wa DNS, OK. Kabla hujabadilisha, piga picha kioo kwa simu. Huenda kompyuta bado ni ya kazini na itarudi huko Jumatatu.

Umefaulu ukiona: sehemu tatu za mwanzo za anwani ya kompyuta zinafanana na za simu iliyo kwenye Wi-Fi.

## Hatua ya 7: Bisha hodi mlango kwa mlango

Kwenye kidirisha kilekile, andika moja moja. Badala ya 192.168.1.1 weka Default Gateway uliyoiandika.

ping 192.168.1.1

ping 8.8.8.8

ping google.com

Ya kwanza ni rauta. Ya pili ni kompyuta ya Google iliyo nje, kwa namba. Ya tatu ni nje, kwa jina. Unatafuta majibu manne ya Reply from.

Ila soma mstari wote. Kuna jibu linaloanza na Reply from na kumalizia na Destination host unreachable, na anwani iliyomo ni ya kompyuta yako mwenyewe. Hapo umejijibu mwenyewe. Nimeona watu wakishangilia jibu hilo.

Rauta haijibu: rudi hatua ya 3 na ya 6. Rauta inajibu, 8.8.8.8 haijibu: tatizo limevuka rauta, rudia hatua ya 1 bila kusahau kuzima data.

Zote mbili zinajibu lakini jina halijibu? Hiyo ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Ni sawa na kufika stendi ukitaka gari la Tukuyu: barabara ipo, gari lipo, lakini hakuna wa kukuonyesha linapakia wapi. Rudi palepale kwenye Internet Protocol Version 4, acha anwani ijipange yenyewe, ila upande wa DNS andika 8.8.8.8 na chini yake 1.1.1.1. Kisha kwenye kidirisha cheusi:

ipconfig /flushdns

Kama mtandao wako unakuja na kuondoka, andika ping -t na anwani ya rauta, uache iendelee. Mtu mmoja atazame kioo, mwingine apite akiutikisa waya, akifunga madirisha na milango. Mistari ikigeuka Request timed out, mkono wake uko juu ya ugonjwa. Kusimamisha, bonyeza Ctrl na C.

Umefaulu ukiona: zote tatu zinajibu.

## Hatua ya 8: Hodi zinajibiwa, kurasa hazifunguki

Tazama tarehe na saa kona ya chini kulia. Kompyuta ya zamani betri yake ya ndani ikiisha, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. Tovuti zenye usalama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na kuisha. Kompyuta inayodhani tuko mwaka 2015 inakiona cheti cha leo bado hakijaanza, inakataa kufungua. Rekebisha saa, kisha nunua betri ya kidonge ya CR2032. Itoe ya zamani kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani.

Saa iko sawa? Fungua Settings, Network, Proxy, uzime chochote kilichowashwa chini ya Manual. Proxy ni kompyuta ya katikati ambayo intaneti hupitia, nayo ni masalio ya ofisini. Zima VPN kama ipo, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali.

## Hatua ya 9: Kufuta mipangilio yote ya mtandao

Hii iwe ya mwisho. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofya kulia, chagua Run as administrator, kisha:

netsh winsock reset

netsh int ip reset

Washa kompyuta upya. Tahadhari: anwani za kudumu na DNS ulizoweka zitafutika, na baadhi ya programu za VPN zitataka kusakinishwa tena. Ndiyo maana ulipiga picha.

Ikishindikana hata hapo, na laptop ya jirani inapata kwa waya uleule na tundu lilelile, sasa ndipo mazungumzo ya kupiga Windows upya yanaanza. Toa mafaili kwanza kwenye diski ya nje.

## Mvua zikianza

Kuanzia Novemba hadi Aprili nabadilisha kadi na rauta zilizoungua nyingi kuliko miezi mingine yote. Watu huchomoa waya wa umeme wakadhani wamemaliza. Waya wa mtandao wa shaba uliopita nje kwenda nyumba ya uani unavuta umeme wa radi hata isipoupiga wenyewe, unauingiza kwenye tundu la kompyuta, na UPS yako, kile kiboksi cha betri ya akiba, haina habari nao. Ukisikia ngurumo juu ya mlima Loleza, chomoa vyote viwili, na waya wa mtandao uchomoe pande zote mbili. Ikiwa radi imeshafika juu ya paa, usishike waya wowote. Kaa mbali nao hadi ipite.